Inkisari ya Sura

Sisi watunzi wa mashairi ya arudhi tuna ruhusa ambazo mwandishi wa nathari hana. Tunaruhusiwa kulifupisha neno ili mshororo upate mizani zake, tukaiita inkisari. Tunaruhusiwa kulirefusha, tukaiita mazida. Tunaruhusiwa kuugeuza mwisho wa neno ili kina kikae mahali pake, tukaiita tabdila. Na tunaruhusiwa hata kuupangua mpangilio wa maneno katika sentensi, jambo ambalo vitabu vyetu vya shule hulitaja kwa jina kali la kuboronga sarufi. Istilahi hizi nimezifundisha kwa miaka mingi, na wanafunzi wengi walizikariri kwa ajili ya mtihani kisha wakaziacha mlangoni. Mimi nimezibeba hadi katika kustaafu, nazo zimenifaa mahali ambapo sikuzitarajia: katika kupiga picha za watu ninaokutana nao mitaani hapa Tanga, na hasa katika kazi inayofuata baada ya kupiga, yaani kuamua ni kipi kibaki ndani ya picha na ni kipi kikatwe.

Neno inkisari limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kuvunjika. Wahenga waliotuachia istilahi hii hawakutuficha kwamba kufupisha ni kuvunja. Walitaka tu tujue kwamba kuna kuvunja kunakojenga na kuna kuvunja kunakobomoa, na kwamba mtunzi ndiye anayetakiwa kuzitofautisha hali hizo mbili. Makala haya yanahusu tofauti hiyo, ila badala ya neno nitazungumzia sura ya mtu.

Nianze na aina ya picha ninayoikusudia. Ipo picha ya studio, ambayo wengi wetu wa rika langu tunaikumbuka vizuri: pazia lililochorwa, kiti, chombo cha maua, na mpiga picha anayeamuru ukae wima, uinue kidevu, usipepese macho. Kule Unguja, Capital Art Studio iliyoanzishwa mwaka 1930 imehifadhi kizazi baada ya kizazi kwa namna hiyo. Katika studio, utunzi hukamilika kabla ya kitufe kubonyezwa. Mpigaji amekwisha kuchagua mwanga, umbali na kilicho nyuma, kama mshairi aliyekwisha kuchagua bahari na vina kabla ya kuandika mshororo wa kwanza.

Picha ya mtaani haikupi nafasi hiyo. Mtu yuko katika shughuli zake, uso wake unafunguka mara moja kwa sababu ya kicheko, habari mbaya au jina lake kuitwa, kisha unafunga. Una sekunde moja, pengine pungufu. Hapo huwezi kumwondoa mpita njia, wala kumwomba dereva wa bodaboda asogeze pikipiki yake. Unachopata ni ubeti ambao maneno yake yote ni ya kweli lakini mizani zimezidi. Ndiyo maana kwa mpigaji wa picha hizi sehemu kubwa ya utunzi hufanyika baadaye, akiwa ameketi kwake, anatazama kilichoingia kwenye picha bila kualikwa.

Tendo hilo tunaliitaje kwa Kiswahili? Vijana wangu husema "kukata picha", na neno hilo linatosha. Lakini wakulima wa Lushoto na Korogwe wana neno ambalo mimi nalipenda zaidi, nalo ni kupogoa. Anayepogoa mkahawa hakati ili apunguze. Anakata matawi yanayonyonya nguvu bure ili yaliyobaki yazae. Vilevile anajua pa kupitisha panga, maana tawi likikatwa vibaya shina zima huoza. Kwa hiyo katika maandishi yangu binafsi nasema napogoa picha, na ninawaachia wapenzi wa lugha wanaosoma hapa waamue kama neno hilo lina mashiko.

Kupogoa sura ya mtu kuna kanuni zake, nazo zinafanana na arudhi kwa kuwa hazikutungwa kwa ukaidi bali zilitokana na jinsi jicho lilivyo. Ya kwanza ni kwamba usimkate mtu kwenye kiungo. Ukingo wa picha ukipita kwenye kiwiko, kifundo cha mkono, goti au kifundo cha mguu, mtazamaji huona kilema ambacho hakipo. Ukingo huohuo ukipita katikati ya mkono wa juu, au katikati ya paja, jicho huendelea lenyewe na kuumaliza mwili uliobaki nje. Ni kama kituo katikati ya mshororo: tunakiweka kati ya vipande, mwisho wa ukwapi na mwanzo wa utao, wala hatukiweki katikati ya neno.

Ya pili ni macho yaelekee kwenye nafasi. Mtu akitazama kulia, pawe na nafasi zaidi upande wake wa kulia wa picha kuliko nyuma ya kisogo chake. Ukimbana, anakuwa kama aliyegeuziwa uso ukutani. Ya tatu ni macho yenyewe yakae juu ya nusu ya picha, karibu na theluthi ya juu, kwani tunapoonana ana kwa ana ndipo tunapotazamana. Ya nne ni kuchunguza pambizo kabla ya kuchunguza uso. Kitu cheupe au chenye mng'aro kilicho pembeni kabisa, mathalani taa ya pikipiki au mfuko wa plastiki, humvuta mtazamaji nje ya picha kama kina kilichokosewa kinavyomvuta msikilizaji nje ya shairi. Na ya tano, nguzo isiote kichwani mwa mtu. Hiyo haiponi kwa kupogoa. Huponywa kwa mpigaji kusogea hatua moja kando kabla hajabonyeza.

Kuna pia hesabu ambayo wengi huisahau. Picha ya simu yenye pikseli 4,000 kwa upana na 3,000 kwa urefu ina jumla ya pikseli milioni 12. Ukikata nusu ya upana na nusu ya urefu, hubaki na nusu ya picha, bali na robo: pikseli milioni 3. Ukiichapisha kwa ubora unaokubalika, utapata karatasi yenye sentimita 17 kwa 13 hivi. Ukizidi hapo, uso huanza kuvunjika kuwa vidoto. Kila inkisari ina gharama yake. Na anayetegemea kukata badala ya kusogea karibu ana gharama nyingine. Hata hivyo anayesogea karibu mno kwa lenzi ya simu naye hukuta pua ya mtu imekuwa kubwa na masikio yamerudi nyuma. Umbali wa hatua mbili, kisha kupogoa kidogo, umenifaa zaidi ya mikato yote mikubwa.

Wapo wasiokubali kupogoa hata kidogo. Maarufu wao ni Mfaransa Henri Cartier-Bresson, aliyefariki mwaka 2004, ambaye kitabu chake cha mwaka 1952 kilikuwa kama msahafu kwa wapiga picha za mtaani. Yeye alishikilia kwamba picha itungwe ndani ya kamera, palepale, na akapenda picha zake zichapishwe pamoja na ukingo mweusi wa filamu ili kila mtu aone kwamba hakuna kilichokatwa. Ninamheshimu kama ninavyomheshimu mtunzi wa papo kwa papo, yule ambaye ukimpa kina anakupa ubeti kamili kabla kahawa haijapoa. Hata hivyo picha yake inayojulikana kuliko nyingi, ile ya mwaka 1932 ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya kituo cha treni cha Saint-Lazare mjini Paris, ilikatwa. Aliipiga kupitia upenyo wa uzio, na ubao ukawa umeziba upande mmoja. Mshairi mkali kuliko wote alihitaji inkisari moja, naye akaichukua.

Wasomaji wa pwani na bara watafurahi kujua kwamba picha iliyomsukuma Cartier-Bresson kuishika kamera ilikuwa na jina la kwetu. Ni picha ya Martin Munkácsi, Mhungaria, aliyoipiga karibu na mwaka 1930, ya wavulana watatu wanaokimbilia majini. Wamepigwa kutoka nyuma, hawana nyuso, ni miili mitatu myeusi mbele ya povu jeupe. Kwa miaka mingi imeitwa picha ya wavulana wa Ziwa Tanganyika, ingawa wengine husema ilipigwa Liberia. Hebu fikirini: picha iliyobadilisha upigaji picha wa karne ya 20 ina watoto watatu wa Kiafrika, na hakuna aliyeandika majina yao wala kuhakikisha ni maji ya wapi. Majina nayo yanaweza kukatwa. Hukatwa bila mkasi, kwa kutoandikwa tu.

Mfano wa pili unatoka Cuba. Tarehe 5 Machi 1960, mjini Havana, palikuwa na mkusanyiko wa kuwaaga waliokufa siku iliyotangulia katika mlipuko wa meli La Coubre. Alberto Korda, aliyekuwa akipiga picha kwa ajili ya gazeti, alimwona Ernesto Che Guevara akijitokeza kwa muda mfupi jukwaani. Katika picha kamili, upande mmoja kuna mtu mwingine aliyeonekana kwa ubavu, na upande wa pili kuna makuti ya mtende. Gazeti halikuichapisha. Korda aliwakata yule mtu na ule mtende, akabaki na uso, kofia yenye nyota na anga tupu, akautundika ukutani kwake. Baada ya kifo cha Guevara mwaka 1967 mkato huo ulienea duniani kote, hadi kwenye fulana zinazouzwa katika masoko yetu ya mitumba.

Mkato ule ni wa ustadi mkubwa, na ninaposema hivyo simaanishi kuusifu tu. Picha kamili ilikuwa ya mtu mazishini: ana majonzi na hasira, amesimama karibu na mwenziwe, chini ya mti, siku fulani. Picha iliyopogolewa haina siku wala mahali. Haina mwenzi. Yule mtu amekuwa nembo, na nembo haiombolezi. Pengine hakuna inkisari nyingine iliyomfanya mtu kuwa mkubwa namna ile, na bado alichopoteza ni kile kilichokuwa kinamliza.

Mfano wa tatu uko karibu nasi zaidi, nao ndio ulionifanya niitafakari kazi hii kwa uzito. Januari 2020, mjini Davos nchini Uswisi, vijana watano wanaharakati wa mazingira walipigwa picha pamoja. Mmoja wao alikuwa Vanessa Nakate wa Kampala, Uganda, aliyesimama ukingoni. Shirika la habari la Associated Press lilisambaza picha ile ikiwa na wanne tu. Waliobaki wote walikuwa Wazungu. Shirika lilieleza kwamba jengo lililokuwa nyuma ya Nakate lilivuruga utunzi wa picha, hivyo likakatwa, na yeye akaenda nalo. Baadaye picha kamili ilitolewa na shirika likaomba radhi. Nakate mwenyewe alisema kwamba hawakuifuta picha peke yake, wamelifuta bara.

Nilipoisoma sababu ile ya jengo, sikuikataa papo hapo. Ni sababu ya kiufundi, na sisi wenye kupogoa tunaifahamu: kitu kilicho pembeni kinasumbua, mkono unakwenda wenyewe. Tatizo liko hapo hapo. Mkono uliozoea kanuni huweza kumkata mtu huku akili inaona jengo. Kanuni ya nne niliyoitaja hapo juu, ile ya kusafisha pambizo, haikuwekwa kwa ajili ya watu. Na katika picha nyingi za dunia, walioko pambizoni si mfuko wa plastiki.

Hapa ndipo darasa langu la zamani liliponirudia. Chukueni neno "asiyependa". Lina mizani tano. Mshairi aliyebanwa huandika "asopenda", mizani nne, na hakuna aliyedhulumiwa: ukanushi umo ndani, umejificha katika ile "so". Lakini tuseme bado amebanwa, anahitaji mizani tatu. Akikata tena anapata "apenda". Mizani zimetimia, kina kiko salama, mshororo unaimbika, na maana imekuwa kinyume. Mwanafunzi akiniuliza mpaka wa inkisari uko wapi, nilimwonyesha neno hilo moja. Kata mpaka karibu na "so", usiiguse "so" yenyewe. Katika picha ya Davos, Nakate alikuwa ndiye "so".

Basi swali la kila picha ni hili: "so" yake ni ipi? Na nani mwenye haki ya kuionyesha? Sikuwa na jibu la kuridhisha mpaka nilipokutana na watoto wawili wa muuza kahawa.

Marehemu baba yao alikuwa na baraza yake Ngamiani. Kila alasiri aliweka dele lake la shaba juu ya jiko la mkaa, vikombe ndani ya ndoo ya maji, kashata ndani ya sahani iliyofunikwa kitambaa, na wachezaji wa bao wakamzunguka. Alikuwa mkubwa wangu kwa miaka mingi. Nilimwamkia shikamoo, naye alijibu marahaba bila kuinua macho kwenye dele, kwa sababu kahawa haitaki kudharauliwa. Siku moja mchezaji wa bao alipiga kelele ya ushindi, mzee akainua uso akicheka huku mkono wake wa kulia umekwisha kunyoosha kikombe kwa mteja. Nikapiga. Nilimwonyesha palepale kwenye simu, nikamwuliza kama anaridhia niihifadhi. Akaitazama kwa muda, akasema, "Mwalimu, meno yamepungua, lakini kicheko ni changu. Weka."

Picha ile ilikuwa na vitu vingi. Kushoto kulikuwa na mgongo wa mchezaji wa bao, chini dele na jiko, kulia taa ya pikipiki inayong'aa. Pikipiki niliikata jioni ileile bila shaka yoyote. Vilivyobaki niliviacha.

Mzee alipofariki, binti yake mkubwa alikuja kwangu. Tuliamkiana, akakaa, akaniambia amesikia kwamba ninayo picha ya baba yao, na kwamba nyumbani hawana nyingine isipokuwa ya kitambulisho. Nilipomwonyesha alilia kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, naomba uso tu. Hilo dele liondoe."

Sikumwuliza sababu; aliitoa mwenyewe. Shuleni alikuwa akiitwa binti kahawa. Alipoolewa, jina lilimfuata hadi ukweni, likasemwa kwa utani unaouma. Hakuwa na haya juu ya baba yake, alisema, bali amechoka na dele. Alitaka ukutani mwake pawe na mtu, isiwe biashara.

Siku mbili baadaye alikuja mdogo wake wa kiume, na yeye alitaka kinyume. Dele lile, alisema, ndilo lililolipa karo ya sote wawili, yeye na dada yake. Kulikata ni kumkata baba mikono. "Mwalimu, ukitoa dele, huyu ni mzee yeyote anayecheka."

Kwa mujibu wa utunzi, nilikuwa na maoni yangu. Uso peke yake ungekuwa mkato mzuri: macho mahali pake, makunyanzi yamepata mwanga, pambizo safi. Mtu asiyemjua angeusifu. Lakini macho ya mzee yalikuwa yameinuka kwa wachezaji wakati mkono ungali kazini, na kicheko chote kilitokana na hali hiyo ya kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Ondoa mkono, na kicheko kinabaki hakina sababu. Hata hivyo nilijua kwamba maoni yangu ni ya fundi. Baba hakuwa wangu, na ule utani wa ukweni sikuwahi kuumezea mate mimi.

Niliwaita wote wawili siku moja. Nilichapisha picha kamili kwenye karatasi kubwa, nikakata vipande viwili vya manila kwa umbo la herufi L. Ni kifaa cha zamani cha wapiga picha na wachoraji: unavilaza juu ya picha vikikabiliana, vinakuwa fremu, na unaweza kuikuza au kuipunguza kwa kuvisogeza, bila kuharibu chochote. Nikawaambia, "Hapa hakuna kinachokatwa. Sogezeni tu mtazame."

Dada alianza. Akabana mpaka ukabaki uso. Akaitazama kwa muda mrefu, kisha yeye mwenyewe, bila kuambiwa, akasogeza kipande cha chini kidogo, kidogo tena, hadi mkono ukaonekana na kikombe chake. Akasimama hapo. Dele na jiko vilikuwa nje. Akasema, "Hivi ndivyo alivyokuwa akinipa chai nikirudi shule."

Ndugu yake akaniuliza mimi, "Na dele?"

Nilimjibu kwamba dele limo, kwa kuwa kikombe hakijazi chenyewe. Hakuridhika, na sikumtarajia aridhike. Kwake ile shaba ndiyo iliyokuwa "so" ya baba yake; kwa dada yake ilikuwa ule mkono. Mkato wa dada haukusema uongo. Mzee aliuza, ni kweli, lakini pia alitoa. Mkono uliouza na uliotoa ulikuwa mmoja, na hakuna picha inayoweza kuonyesha kama sarafu ilibadilishana au la. Nilichapisha mkato wa dada kwa ajili ya ukuta wake, na picha yenye dele kwa ajili ya ukuta wa ndugu. Nyuma ya kila moja niliandika jina kamili la baba yao, mtaa na mwaka. Jalada la kwanza, pamoja na taa ya pikipiki, nimelihifadhi lilivyo.

Kuna rafiki yangu mshairi aliyesikia habari hii akasema kwamba nilikwepa hukumu: kazi moja lazima iwe na umbo moja. Simkubalii. Sisi wenyewe tuna takhmisa. Mtunzi huichukua mishororo miwili ya mtunzi mwingine, huongeza mitatu yake kabla ya ile miwili, na ubeti ukawa wa mishororo mitano. Anaweza kuupeleka ubeti mahali ambapo mtunzi wa kwanza hakuwahi kufika. Sharti ni moja: mishororo miwili ya awali haiguswi. Wawili wanaweza kulikhamisi shairi moja wakapata mashairi mawili yasiyofanana, na hakuna atakayesema kwamba asili imepotea, kwa sababu imo ndani ya yote mawili. Nadhani familia ile iliikhamisi picha. Kazi yangu ilikuwa kuilinda mishororo miwili: mkono na kicheko.

Kutokana na hayo nimejiwekea desturi chache, nazo naziandika hapa kwa ajili ya yeyote anayetembea na simu mfukoni na jicho mtaani. Sikati siku ileile, isipokuwa kitu kisicho na uhai. Sifuti picha kamili kamwe, hata iwe mbaya kiasi gani, kama mshairi anavyopaswa kuhifadhi rasimu yake. Kabla sijamwondoa mtu aliye pambizoni, nalitamka kwa sauti jambo ninalolifanya: "Ninamwondoa mama huyu kwa sababu ya ukuta ulio nyuma yake." Sentensi ikinitia haya, ninamwacha. Ninamwonyesha mwenye sura picha yake, na ninapomjua jina ninaliandika. Na mkono wa mtu nauacha kila ninapoweza. Uso hujifunza kujificha mapema maishani. Mikono huchelewa kujifunza.

Kiswahili kina neno moja lenye kunifariji katika kazi hii. Tunasema sura kwa uso wa mtu, na tunasema sura kwa sehemu ya kitabu. Anayesoma sura moja ya kitabu hadai kwamba amekisoma chote, lakini anatarajia sura ile iwe imeanza na kuishia mahali panapoeleweka, isiwe imechanwa katikati ya sentensi. Nionavyo, hicho ndicho kiasi cha haki tunachoweza kumtendea mtu tuliyekutana naye njiani kwa sekunde moja: tumpe sura, na ukingo wake upite mahali ambapo msomaji atajua kwamba kitabu kinaendelea.

Wenzangu wa mizani na vina, nitafurahi kusikia kutoka kwenu neno mnalolitumia huko mliko kwa tendo hili la kukata picha. Kama lipo bora kuliko kupogoa, nitaliacha la kwangu bila kinyongo.